Dishi moja, runinga mbili: ya chumbani inapoteza chaneli kila ya sebuleni inapobadilishwa

Mkazi wa Ilazo

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma. Naomba msaada kuhusu runinga ya chumbani, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa mtaani ananipa jibu lake na majibu hayo hayafanani.

Mama yangu mzazi amekuja kukaa nami tangu mwezi uliopita akitokea Mpwapwa. Kwa kuwa magoti yanamsumbua na hawezi kukaa sebuleni siku nzima na wajukuu wanaorukaruka, nilimnunulia runinga iliyokwisha kutumika, ya inchi 32, nikaifunga ukutani mbele ya kitanda chake. Sebuleni tuna king'amuzi cha dishi, na dishi lenyewe limefungwa juu ya ukuta wa nyuma. Shemeji yangu alinipa king'amuzi cha kampuni ileile ambacho alikuwa hakitumii, nikakilipia kifurushi, kisha fundi akaja akaukata waya unaoshuka kutoka kwenye dishi, akaweka spliti ndogo ya njia mbili, waya mmoja ukaendelea kwenda sebuleni kama zamani na mwingine, wa mita 18 hivi, ukapitishwa juu ya dari hadi chumbani kwa mama.

Fundi alipowasha, runinga zote mbili zilionyesha picha safi, nikamlipa akaondoka. Jioni ndipo mambo yalipoanza. Mama akiwa katikati ya taarifa ya habari ya saa mbili, watoto sebuleni wakahamia chaneli ya katuni, na papo hapo picha ya mama ikaganda, kisha king'amuzi chake kikaandika kwamba hakipati mawimbi. Watoto waliporudi kwenye chaneli ya awali, picha ya mama ikarudi yenyewe bila mtu kugusa kitu. Tangu siku hiyo tumegundua kwamba zipo chaneli ambazo mama anaziona wakati wote, na zipo ambazo anaziona pale tu sebuleni wanapotazama kitu fulani. Mara nyingine hutokea kinyume, yaani mama akibadili chaneli, watoto ndio wanaopiga kelele.

Fundi nimemwita mara mbili. Mara ya kwanza alisema dishi limeyumbishwa na upepo, akapanda akalisogezasogeza. Mara ya pili akasema king'amuzi cha shemeji kimechoka. Nilivibadilisha ving'amuzi nafasi, cha sebuleni nikakipeleka chumbani na cha chumbani sebuleni, lakini hali ikabaki ileile.

Lipo na jambo la pili, ambalo huenda ni dogo. Kuna asubuhi ambazo mama anawasha runinga na kukuta kioo cheusi chenye maandishi yanayotembeatembea ya kusema hakuna mawimbi, na hapo watoto hawahusiki kwa kuwa wako shuleni.

Swali langu ni hili: chumba hicho kipate mawimbi kutoka wapi hasa? Niendelee na dishi, nivute kebo ya HDMI kutoka king'amuzi cha sebuleni, au niweke antena yake peke yake? Mama mwenyewe hataki mengi. Anataka taarifa ya habari, kwaya za Jumapili, na Bunge linapokaa, kwani anasema haiwezekani alale kilomita chache kutoka bungeni halafu asisikie wanalosema.

Fundi wa Kizota

Kaka, mbukwenyi, na mama mfikishie shikamoo yangu. Dishi lako halijayumba na king'amuzi cha shemeji yako hakijachoka. Ushahidi umeuandika mwenyewe uliposema kwamba watoto wakirudi kwenye chaneli ya awali picha ya mama inarudi bila mtu kugusa kitu, maana dishi lililoyumba halijirudishi kwa sababu mtoto amebonyeza rimoti.

Kosa liko kwenye spliti. Wengi tunauchukulia waya wa dishi kama bomba la maji, kwamba ukifunga koki mbili maji yatagawanyika na kila mmoja atapata chake. Waya wa antena ya kawaida unakaribia kuwa hivyo, lakini wa dishi sivyo, kwa sababu ndani yake kuna vitu viwili vinavyopishana: mawimbi yanashuka kutoka kwenye LNB, yaani kile kichwa kinacholitazama sahani la dishi, na amri zinapanda kutoka kwenye king'amuzi. Setilaiti hurusha chaneli zake katika mikao miwili, wa wima na wa ulalo, ili masafa yaleyale yaweze kutumika mara mbili bila kugongana. King'amuzi kinapotaka chaneli iliyo kwenye mkao wa wima kinapandisha umeme wa volti 13, na kinapotaka ya ulalo kinapandisha volti 18. Zaidi ya hapo, kwa LNB nyingi za siku hizi, kinaongeza mtetemo wa kilohezi 22 kinapohitaji masafa ya juu na kuuondoa kinapohitaji ya chini. LNB yenye tundu moja inapokea amri hiyo na kushusha fungu moja tu la chaneli, lile lililoagizwa.

Sasa itazame nyumba yako. Taarifa ya habari ya mama, tuseme, iko kwenye wima, kwa hiyo king'amuzi chake kinapandisha volti 13. Katuni za watoto ziko kwenye ulalo, na king'amuzi chao kinapandisha 18. Amri zote mbili zinakutana kwenye spliti, na hapo volti 18 ndiyo inayoshinda. LNB inageukia ulalo, watoto wanafurahi, na king'amuzi cha mama kinatafuta chaneli ya wima ndani ya mawimbi ambayo hayana chaneli ya wima hata moja. Mama naye akifungua chaneli ya ulalo wakati watoto wako kwenye wima, anayeshinda ni yeye. Ndiyo maana ulipovibadilisha ving'amuzi nafasi hakuna kilichobadilika, kwani ugomvi si wa vifaa, ni wa amri. Na ndiyo maana siku ya kwanza fundi aliondoka ameridhika: bila shaka aliziwasha runinga zote mbili kwenye chaneli moja. Simlaumu sana, kwa kuwa kosa hilo nami nililifanya nilipoanza kazi, na nililirudishia fedha.

Ukitaka kuthibitisha kabla ya kununua chochote, zima king'amuzi cha sebuleni kwenye swichi ya ukutani. Usikizime kwa rimoti, maana vingi vikizimwa kwa rimoti vinakuwa vimelala tu na vinaendelea kupandisha umeme kwenye dishi. Kisha kaa na mama mpitie chaneli zake moja baada ya nyingine. Zote zikionekana, jibu umelipata. Wakati huohuo isome spliti yenyewe, kwa sababu kwenye bati lake huwa pameandikwa masafa inayoyapitisha. Mawimbi yanayoshuka kutoka kwenye LNB yako kati ya megahezi 950 na 2150. Spliti iliyoandikwa 5 hadi 1000 ni ya antena, haikutengenezwa kwa dishi kabisa.

Dawa yake ni LNB ya matundu mawili, ambayo ndani yake ni kama LNB mbili katika kichwa kimoja, kila tundu likimtii bwana wake. Waya mmoja utoke tundu la kwanza hadi sebuleni, wa pili utoke tundu la pili hadi chumbani bila kuunganishwa na ule wa kwanza popote, na spliti uitupe. Ukiona kuna dalili ya watoto nao kudai runinga yao, nunua ya matundu manne kabisa ili usipande bati mara mbili. Mita 18 si tatizo kwa waya mzuri wa dishi. Jambo moja usilisahau: chomoa ving'amuzi vyote kwenye umeme kabla ya kugusa waya, kwa sababu zile volti 18 zikigusana na wavu wa nje wa waya zinaweza kuunguza upande wa king'amuzi unaolisha LNB, na hapo ndipo utaambiwa kwa haki kwamba king'amuzi kimekufa.

Suala lako la asubuhi ni jingine kabisa. Jiulize ujumbe ule unaandikwa na nani. Maandishi yanayotembeatembea kwenye kioo cheusi huandikwa na runinga yenyewe, ikimaanisha kwamba tundu ililoambiwa ilitazame halina kitu. Bonyeza kitufe cha menyu cha rimoti ya king'amuzi. Menyu isipotokea, basi runinga iko kwenye tundu lisilo lake. Tazama nyuma kebo imechomekwa HDMI 1 au HDMI 2, au zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu, kisha kwa rimoti ya runinga chagua jina hilohilo.

Mama Nzuguni

Kaka yangu, mimi nilipita njia ya HDMI, kwa hiyo nakusimulia nilichokiona. Zipo spliti za HDMI zinazochukua picha ya king'amuzi kimoja na kuipeleka kwenye runinga mbili, na zinafanya kazi vizuri. Faida yake ni kwamba unalipa kifurushi kimoja. Hasara yake ni kwamba wote mnatazama chaneli moja, na anayetaka kubadilisha inabidi atoke chumbani aende sebuleni na rimoti, kwa sababu mwanga wa rimoti haupenyi ukuta. Mume wangu alikuwa akinituma mimi.

Kebo ndefu nayo ina mambo yake. Ya kawaida isiyo na kikuza mawimbi huwa inaaminika hadi mita 10 hivi. Yangu ilikuwa ya mita 15, na picha ilikuwa ikipotea sekunde mbili tatu kisha kurudi, hasa kwenye chaneli zenye picha kali. Kwa mita 18 usijaribu bila kifaa cha kurefushia. Na kwa hali ya nyumba yako, mama atabaki mateka wa katuni vilevile, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii atakuwa anaziona.

Mstaafu wa Area C

Nimemsoma fundi na sina la kumpinga kuhusu LNB. Hata hivyo nauliza: kwa nini mama wa taarifa ya habari na kwaya alipiwe kifurushi cha pili kila mwezi? Antena ya juu ya bati ingemtosha.

Kwa vijana ambao hawakumbuki, matangazo ya analojia yalizimwa kwanza Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, na sisi wa Dodoma tukafuata mwanzoni mwa 2013. Tangu hapo mawimbi ya ardhini hapa nchini ni ya dijitali, na mtindo unaotumika siku hizi ni DVB-T2. Runinga yenye kipokezi cha mtindo huo ndani yake inaweza kuchomekwa antena moja kwa moja na kuonyesha chaneli ambazo hazikufungwa kwa malipo, bila king'amuzi chochote. Ukiingia kutafuta chaneli, runinga itakuuliza chanzo ni antena, kebo au setilaiti. Chagua antena. Nimewahi kuitwa na jirani ambaye alitafuta kutwa nzima bila kupata hata moja, kumbe alikuwa ameacha palepale pa kebo, na runinga ilikuwa ikimtii tu.

Antena yenyewe isiwekwe ndani. Nyumba zetu zimeezekwa kwa bati, na bati ni ukuta kwa mawimbi. Mawimbi hayo husafiri karibu kama mwanga, yakikutana na kilima yanaacha kivuli nyuma yake, na mji huu umejaa vilima vya mawe, kwa hiyo mwenye nyumba iliyo nyuma ya kilima atahangaika hata kama mnara hauko mbali. Njia nyepesi ya kujua uelekeo ni kusimama barabarani na kutazama antena za majirani zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama, kisha na wewe ufanye hivyohivyo.

Kabla ya yote, soma karatasi iliyobandikwa nyuma ya runinga. Runinga za mitumba zimetengenezwa kwa ajili ya nchi zilikotoka. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inasoma mtindo wa Japani, ya Marekani inasoma wa Marekani, na nyingi za Ulaya za miaka ya nyuma zinasoma DVB-T ya kwanza, ambayo haiwezi kusoma T2. Hiyo 2 mwishoni mwa jina ndiyo kila kitu.

Mkazi wa Ilazo

Nawashukuru sana, na mama anasema marahaba kwa fundi, pia anampa pole Mama Nzuguni kwa zile safari za sebuleni.

Nimefanya jaribio jana jioni. Nilichomoa king'amuzi cha sebuleni ukutani, watoto wakanuna, nikakaa na mama kitandani tukapitia chaneli zote za kifurushi chake na hakuna hata moja iliyokosekana. Nilipokirudisha na kumwambia binti yangu afungue katuni, ya mama ikaganda kabla sijarudi chumbani. Spliti nayo nimeisoma kwa tochi ya simu. Imeandikwa 5 hadi 1000, sawasawa na ulivyosema.

Mzee wa Area C, shikamoo. Nilivutiwa na wazo la antena kwa sababu ya gharama ya kila mwezi, nikaishusha runinga ukutani ili nisome nyuma. Pameandikwa DVB-T na DVB-C, bila ile 2. Ina maana nikiweka antena itabidi nitafute na king'amuzi cha antena, wakati cha dishi ninacho tayari na nimekwisha kukilipia?

Mstaafu wa Area C

Marahaba mwanangu. Ndiyo, ina maana hiyo, na kwa hali hiyo naondoa hoja yangu. King'amuzi cha antena, antena yenyewe, nguzo na waya mpya vitakugharimu kuliko LNB. Fuata ushauri wa fundi.

Fundi wa Kizota

Basi nyongeza ndogo kabla hujapanda juu. LNB mpya iwe ya aina ileile inayotumiwa na kampuni ya king'amuzi chako, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi au upige picha maandishi yake. Kabla ya kuifungua, weka alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye shingo yake kuonyesha jinsi ilivyozungushwa na ilivyoingia ndani kiasi gani kwenye kishikizo, kisha mpya uiweke vivyo hivyo. Ukizingatia alama hizo bila kusukuma sahani, hutahitaji kulitafutia dishi uelekeo upya. Fanya kazi hiyo asubuhi, maana upepo wetu wa kiangazi ukishachangamka mchana, ukiwa juu ya ukuta unashika dishi kwa mkono mmoja na roho kwa mwingine.

Kwenye konekta, yaani kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, usiwe na haraka. Ukishamenya waya, wavu wa nje urudishwe nyuma wote, usiache hata unywele mmoja ukigusa shaba ya katikati. Ukibaki mmoja tu, umeme hautafika kwenye LNB.

Mkazi wa Ilazo

Naleta mrejesho. Jumamosi asubuhi nilipanda, nikanunua ya matundu manne kama ulivyoshauri, na yale mawili yasiyotumika nimeyafunika kwa vifuniko vyake vya mpira ili mvua ikianza maji yasiingie. Waya wa mama sasa unatoka kwenye LNB moja kwa moja, na ule wa sebuleni nimeuunganisha upya bila spliti.

Nilipowasha mara ya kwanza, sebuleni paliwaka na chumbani king'amuzi kikasema hakuna mawimbi, nikahisi miguu imeniishia. Nikavichomoa tena ving'amuzi vyote, nikaifungua konekta ya chumbani, na nilipoigeuza kwenye jua nikauona unywele mmoja wa wavu, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, umejikunja na kulalia shaba. Niliutoa kwa wembe. Ilipowashwa tena picha ikaja, na baada ya hapo nikawaambia watoto wabadilishe chaneli watakavyo. Walibadilisha kwa muda wa dakika kumi mfululizo, kwa furaha ambayo sikuitarajia, na ya mama haikutikisika.

Kuhusu maandishi ya asubuhi, fundi ulikuwa sahihi. Kebo iko HDMI 2. Mama alikuwa akitafuta kitufe cha kuwashia gizani akabonyeza cha juu yake, ambacho ndicho cha kubadili tundu, na runinga ikahamia HDMI 1 ambako hakuna kitu. Nimekata kipande cha kadibodi nikakiweka juu ya kitufe hicho na kukifunga kwa solotepu nyeusi. Mama ameuliza kama naweza kufanya hivyohivyo kwenye rimoti ya sebuleni, lakini kwenye kitufe cha sauti.